Gauni Ambalo Mutegi Hakuliona

Aliyesema hasira ni hasara hakuwa sokoni Gakoromone siku Mutegi alipompita Kagwiria kama anayepita gunia la viazi. Duka la Mutegi la kunyolea lilikuwa limefungwa kwa majuma kadhaa, simu alikuwa akijibu kwa mkato, na sasa huyo hapo, mwanamume aliyeahidi kuja kumposa, anakuja moja kwa moja katikati ya wauza ndizi. Kagwiria akatabasamu na kumpungia mkono. Mutegi akamtazama usoni, akakata kona, akaenda zake.

Mama mmoja wa ndizi akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma.

"Joyline, amenipita mbele ya watu!" alimlilia rafiki yake kwa simu. "Mtu wa kuniita switi!"

"Pengine amepata mwingine."

"Basi atanijua. Si umemwalika harusi yako? Siku hiyo nitampasua moyo."

Kagwiria alikuwa fundi wa nguo hapo Meru mjini, na kisasi chake alikishona mwenyewe: gauni jekundu la kubana kiuno, mgongo wazi, pindo likifagia chini. Mutegi aliwahi kukiri kwamba akimwona na nyekundu huishiwa na maneno. Mwanamume wa kutembea naye alimpata pia, binamu yake Munyi, aliyeazima suti na kuapa kwamba hatacheka.

Harusi ilifanyika Githongo. Mutegi alikuwa ameketi mwisho wa hema na sahani ya mukimo. Kagwiria akapita mbele yake polepole, mkono wa Munyi kiunoni. Akarudi, akapita tena, sasa kichwa kikiwa begani mwa Munyi. Hema zima liligeuka kutazama. Mutegi akaendelea kutafuna.

Uvumilivu ukamwisha. Akamwacha Munyi, akamwendea. "Hata aibu huna, Mutegi?"

Sahani nusura imponyoke. "Kagwiria? Ni wewe?"

"Kwani unaona nani?"

"Naona viatu. Naona nguo huku kando. Lakini hapa katikati, penye uso, ni ukungu tu."

Kagwiria akakaa.

"Jicho la kushoto unajua lilidungwa na mwiba nikichunga mbuzi Siakago," Mutegi alisema. "Sasa hili lililobaki, mshipa wa damu umeziba huko nyuma. Maji na damu zimevuja, ndani kumevimba. Daktari anasema ni presha."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuja kwenu nikishikwa mkono? Nilitaka nipone kwanza."

Huruma ilimjia Kagwiria, lakini ilikuta hasira imeshakaa. "Kwa hivyo ukaniamulia. Dawa yake ni nini?"

"Sindano," Mutegi akanong'ona. "Ndani ya jicho. Tarehe yangu ilipita. Niliogopa."

"Jicho ni moja na unalichezea? Jumatatu tunaenda. Nataka niwepo wakikudunga!"

Na akawepo. Walimtia matone ya ganzi, daktari akamwambia atazame juu, na kabla hajamaliza kukunja ngumi ikawa imekwisha.

"Imeuma?"

"Kidogo tu. Kama kusukumwa."

"Pole," Kagwiria alisema, akisikitika kwamba haikuuma zaidi.

Daktari aliwaonya kwamba sindano moja haitoshi, na kwamba huenda uwezo wa kuona usirudi wote. Basi zikafuata nyingine, mwezi baada ya mwezi, na kila asubuhi simu ikalia.

"Umemeza dawa ya presha?"

"Nimemeza, switi."

"Usiniite switi. Bado sijalipiza."

Uvimbe ukapungua. Siku moja Mutegi akapiga simu akipiga kelele: ameweza kusoma bango la duka la ng'ambo. Mistari ilikuwa imepinda kidogo, lakini ameisoma!

"Vizuri," Kagwiria akajibu. "Kesho simama mlangoni kwako."

Kesho yake akalivaa lile gauni, akamburuta Munyi na suti ya kuazima, wakapita mbele ya duka la Mutegi polepole. Mutegi akaona nyekundu. Akauona mgongo. Akauona uso, na mkono wa mwanamume kiunoni. Akashika mwimo wa mlango.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Inauma?"

"Inauma, Kagwiria. Kushinda sindano zote."

Kagwiria akamwacha aumie kidogo, maana alikuwa ameingoja siku hiyo sana. Kisha akautoa mkono wa Munyi kiunoni mwake.

"Ni binamu yangu. Hivyo ndivyo nilivyoumia pale sokoni. Sasa walete wazazi wako kwetu Githongo, na nikikupungia mkono, usinipite."