Santuri ya Kwanza

Mkono wa chuma ulishuka kimya kutoka darini, ukapita safu mia mbili za rafu, ukasimama mbele ya tundu moja lililofanana na mengine yote, ukachomoa santuri nyembamba kama ukucha. Kabla haijafika chini, santuri ilikuwa imekwisha kumulikwa pande zote mbili, kupulizwa kwa hewa kavu, kutiwa kwenye bahasha na kuandikiwa anwani. Dirishani alisubiri mbayuwayu, chombo cha posta chenye mabawa yasiyozidi urefu wa mkono wa mtu. Akaimeza bahasha, akaruka kuelekea Urambo.

"Sekunde tisa," alisema Milembe Kasanda, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kazi hiyo alikuwa ameitazama kwa miaka kumi na minane na bado ilimfurahisha. Aliingia katika Ghala la Santuri la Tabora akiwa mfagiaji. Vitabu vya maelekezo ya mitambo vilikuwa vimetupwa chini ya ngazi, akaanza kuvisoma wakati wa chai, ukurasa kwa ukurasa, na asichokielewa alikiandika kwenye daftari akarudi kukisoma kesho yake. Mainjinia walipoondoka mmoja mmoja, kwa kuwa mitambo haikuwahitaji tena, yeye akabaki. Sasa ndiye aliyekuwa msimamizi, na chini yake alikuwa na mtu mmoja tu, Sudi, aliyetengeneza mbayuwayu waliovunjika mabawa.

Watoto wa shule waliotembelea ghala waliuliza swali lilelile kila mwaka: kwa nini filamu zisafirishwe kwa posta? Milembe aliwajibu taratibu. Filamu ya mwonekano-kina haionyeshwi ukutani. Kichezeo cha santuri huimwaga katikati ya chumba kama nuru, na mtazamaji anaweza kuizunguka, akainama, akaona hata uchafu uliojificha chini ya ukucha wa mtu aliyerekodiwa miaka sitini iliyopita. Ung'avu huo una uzito wake. Filamu moja hubeba taarifa nyingi kuliko zile ambazo mtandao wa mkoa mzima ungeweza kuzipitisha kwa mwezi, na mtandao wenyewe una hospitali na treni za kuhudumia. Kwa hiyo, katika karne ambayo watu wanakwenda Mwezini kwa vibarua vya msimu na kurudi, filamu zimerudi kusubiriwa mlangoni kama barua.

Aliyeamua nani apate santuri ipi na lini alikuwa Mchambuzi, akili ya mtambo iliyoliendesha ghala. Kila mpangaji, yaani mtu anayekodi santuri, aliandika orodha ya filamu anazotaka. Mchambuzi alizisoma orodha laki sita kwa pamoja, akapima, akatuma; filamu iliyoombwa ilipokosekana, alichagua nyingine badala yake.

Asubuhi hiyo, mara tu baada ya mbayuwayu wa Urambo kuondoka, kengele ya mlango wa wageni ililia. Haikuwa imelia kwa muda mrefu kiasi kwamba Sudi aliangusha bisibisi.

Mlangoni alisimama mwanamume wa miaka sitini na ushei, mrefu, viatu vimejaa udongo mwekundu, kofia mkononi.

"Hodi. Hivi humu mna watu?"

"Karibu, baba. Tupo wawili."

"Wawili! Haya, mimi naitwa Nkwabi Lusangija. Nimetoka Sikonge. Nimewaandikia barua kumi na nne."

Milembe alimpa kiti. Hakuwa ameona barua hata moja, lakini hakusema hivyo mara moja, maana alipenda kusikia jambo mpaka mwisho wake.

"Kuna filamu inaitwa *Mzinga wa Gome*," Mzee Nkwabi alieleza. "Ina santuri nne. Mzee mmoja wa huko kwetu anatengeneza mzinga wa nyuki kwa gome la mti wa mtundu, mwanzo hadi mwisho. Ya pili mmeniletea mara tatu. Ya tatu, mara tatu. Ya nne naijua kwa moyo. Ya kwanza nimeiweka juu kabisa ya orodha mwezi wa tisa mwaka jana. Mpaka leo, mama, haijafika."

"Wakati huo ulikuwa unaletewa nini?"

"Ndege wa barafuni. Mashindano ya kuteleza. Mapishi ya Kichina, mara mbili! Mimi nakula ugali."

Sudi alicheka hadi akashika meza. "Na ukayatazama, mzee?"

"Kitu umeletewa nyumbani, utakirudisha bila kukitazama? Nimeyatazama. Ile ya ndege ni nzuri sana."

Milembe naye alitabasamu, kisha akauliza kwa nini hasa aliihitaji ile ya kwanza.

Mzee Nkwabi aliizungusha kofia yake. Msitu wa Sikonge ulikuwa umepona baada ya ukame wa miaka mingi, na makundi ya nyuki yalikuwa yamerudi. Lakini yalikataa mizinga ya kiwandani. Yaliingia, yakanusa, yakatoka, yakarudi kwenye mashimo ya miti, ambako yeye alipata asali kidogo tu. Yalitaka gome, na hakukuwa na mtu hai aliyejua kulibandua. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa taa za reli maisha yake yote. Babu yake alipokuwa akitengeneza mizinga, yeye alikuwa shuleni. Kutoka kwenye ile santuri ya pili alikuwa amejifunza kushona gome kwa vijiti. Alihesabu matundu, akaona pembe ya kisu, akalala chini chali kutazama vidole kwa upande wa ndani. Hakuna mwalimu ambaye angemvumilia hivyo.

"Mtambo wenu ni wa ajabu," alisema. "Siulaumu. Ila kushona kunakuja baada ya kubandua, na kubandua kuko kwenye ya kwanza. Ofisi ya misitu ilinipa kibali cha miti miwili tu. Mwaka jana nilichoka kungoja, nikakisia. Gome lilipasuka vipande vipande, na mti ukafa bure. Nimebakiwa na mmoja. Gome linakubali kuachia shina majuma machache tu baada ya mvua za kwanza, utomvu unapopanda. Kibali kinaisha Jumamosi."

Ilikuwa Jumatano.

Milembe alimwachia chai akaingia ndani. Hakukimbilia kumshuku mtu wala mtambo. Alikagua orodha: ilikuwa sawa. Alikagua anwani: sawa. Alikagua nakala za santuri ya kwanza: zilikuwapo tatu, mbili zilivunjwa na wapangaji, moja imebaki, nzima, katika rafu ya mia na kumi na mbili. Ilikuwa imekaa hapo bila kutoka kwa mwaka na nusu.

"Mchambuzi," alisema, "kwa nini Nkwabi Lusangija wa Sikonge hapelekewi nakala hii?"

Sauti ilijibu bila haraka. "Nakala ya mwisho hutumwa kwa mpangaji wa daraja la kwanza la utunzaji. Nkwabi Lusangija yuko daraja la tano, ambalo ni la chini kabisa."

"Amevunja santuri?"

"Hapana."

"Amechelewesha?"

"Hajawahi. Santuri arobaini na moja kati ya arobaini na tatu alizorudisha zimekuja na kitu kigeni ndani ya bahasha. Maji, sukari za asili, chavua, nta. Tisa zilinata na kuhitaji kusafishwa mara mbili. Vitu hivyo vimehifadhiwa stoo, sanduku la sita."

Sudi alimfuata stoo. Sanduku la sita lilikuwa safi, limepangwa kwa tarehe. Ndani yake mlikuwa na vifurushi vidogo vya maganda ya mahindi, kila kimoja hakizidi kidole gumba, kimefungwa kwa uzi na kupakwa nta. Vichache vilikuwa vimevuja. Kila kimoja kilikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kwa herufi kubwa: KWA WATU WA GHALA. AHSANTENI.

Sudi alifungua kimoja, akaramba, akaramba tena.

"Asali ya mtundu," alisema hatimaye. "Dada Milembe, alikuwa anatuma asali. Huwezi kumrudishia mwenzio chombo chake kitupu. Mama yangu angenichapa."

"Na Mchambuzi yuko sahihi pia," Milembe alisema polepole. "Asali kweli inaharibu santuri."

Hilo ndilo lililomchoma. Alitafuta kosa la mtambo ili alisahihishe, na kosa halikuwapo. Mtambo ulifanya vizuri kila kitu ulichofundishwa, hata ukatunza vifurushi. Ila katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyesimama pale bahasha zinapofunguliwa, mtu ambaye angeona kifurushi cha kwanza, akaelewa, akaandika mstari mmoja: tumepokea, tumefurahi, tafadhali usitume tena. Barua kumi na nne nazo zilisomwa na Mchambuzi, na zote zilijibiwa kwa maneno yaleyale ya adabu: ombi lako limepokelewa.

Alirudi akamweleza mzee kila kitu, bila kukipamba. Mzee Nkwabi aliinamisha kichwa.

"Kumbe nilikuwa nawaharibia."

"Ulikuwa unatushukuru, baba."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Hatukujua. Hatukuwapo."

Mzee aliwatazama wote wawili, kisha akatazama ukumbi mrefu uliokuwa mtupu nyuma yao. "Nilidhani mko wengi," alisema. "Nilikuwa najiuliza kama kafurushi kamoja kanawatosha."

Kupanda kutoka daraja la tano hadi la kwanza kulihitaji mwaka mzima wa kurudisha santuri bila doa. Milembe hakutaka kuivunja kanuni iliyoilinda nakala ya mwisho duniani. Nakala nyingine mbili zilikuwa ushahidi kwamba kanuni hiyo ilikuwa na maana. Akafikiri. Kisha akakaa kwenye mashine akaiandika filamu hiyo katika orodha yake mwenyewe. Yeye alikuwa mpangaji pia, wa daraja la kwanza.

Mkono wa chuma ulishuka. Santuri ikachomolewa, ikamulikwa, ikatiwa kwenye bahasha. Milembe akanyoosha mkono aipokee. Mbayuwayu akaimeza kabla yake, akampita puani, akatoka dirishani.

"Anaipeleka wapi?" mzee aliuliza kwa hofu.

"Nyumbani kwangu," Milembe alisema. "Bahasha lazima ifike kwenye anwani."

"Lakini wewe uko hapa!"

"Ndiyo, baba," Sudi alimwambia. "Sasa unaona na sisi tunavyoteseka."

Siku ya Ijumaa asubuhi Milembe alishuka kwenye treni ya Sikonge, santuri ikiwa kifuani ndani ya koti. Mzee Nkwabi, aliyeishi peke yake tangu mkewe afariki, alikuwa amesogeza viti vyote ukutani. Kichezeo kikawaka. Katikati ya sebule ukasimama mti wa mtundu, wima, gome lake limelowa, na siafu wakipanda kwenye nyufa zake. Milembe aliyekuwa ametunza santuri kwa miaka kumi na minane hakuwa amewahi kuisogelea filamu namna ile. Akajikuta amenyoosha kidole, akakirudisha.

Mzee wa kwenye filamu alikata mzunguko wa juu, kisha wa chini, kisha mstari mmoja wa wima kati yake. Nkwabi alipiga magoti, akapenyeza uso wake kati ya mkono na mti. "Kisu hakifiki kwenye mbao," alinong'ona. "Mimi nilikifikisha kwenye mbao. Ule mti niliuua mwenyewe." Alirudisha nyuma, akatazama tena. Kisha kabari ya mti ikaingizwa kwenye mstari, ikagongwa taratibu, na ukingo wa gome ukainuka.

Hapo mzee wa kwenye filamu aligeuza kichwa akatazama mtu asiyeonekana. "Njoo ushike," alisema. Mikono mingine miwili ikaingia kwenye nuru, mikono ya kijana au ya mwanamke, haikujulikana, ikalikumbatia gome lilipokuwa likifunguka ili uzito wake usilipasue.

Nkwabi alisimamisha filamu.

"Kwenye kushona yuko peke yake," alisema. "Santuri zote tatu yuko peke yake. Ningejuaje?"

Akamtazama Milembe. Milembe akatazama mikono yake, iliyozoea kushika vitu kwa ncha za vidole.

Waliingia msituni mvua ikiwa imetoka kukatika. Nkwabi alikata mzunguko wa juu akiwa juu ya ngazi, akashuka, akakata wa chini, mara mbili akasimama kufumba macho na kukumbuka. Akakata wima. Akaingiza kabari. Milembe alisikia mlio mdogo, wa kitu kinyevu kinachoachana na kitu kingine kinyevu, na ukingo wa gome ukaja kuelekea kwake.

"Njoo ushike."

Alilikumbatia. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, la baridi, na utomvu ukamtiririka mpaka kwenye viwiko. Gome lilijaribu kurudi kwenye mti, kisha likajaribu kumwangukia. Aliegemeza shavu lake juu yake na kukaza miguu kwenye matope. Nkwabi akazunguka upande wa pili na kabari yake, hatua kwa hatua, hata Milembe hakuweza kumwona tena.

"Bado unalo?" sauti yake ilitoka nyuma ya shina.

"Ninalo."

"Usiachie, mwanangu. Imebaki shubiri moja."

"Siachii," alisema Milembe, na gome likaja lote.