Kilomita Kumi za Kwanza

— Siyo hapo, Solfrid. Hapo ni rivasi.

— Najua ni rivasi.

— Sasa mbona mkono unakwenda huko huko?

Solfrid aliurudisha mkono katikati. Alikanyaga klachi mpaka mwisho, akavuta mkono wa gia kushoto, kisha chini. Huko ndiko gia ya kwanza ilikojificha kwenye gari hili, tofauti na magari yote aliyowahi kuyaendesha. Gari likasogea. Uwanja wa ghala la samaki la Nesvåg ulikuwa mtupu, umelowa umande wa asubuhi, na ng'ambo ya fyodi, ule mkono mwembamba wa bahari, milima ilikuwa bado na theluji mabegani ingawa Mei ilishafika katikati. Akakanyaga klachi tena. Juu, kulia kidogo, juu tena. Gia ya pili.

Krrrrr.

Pembeni yake Jostein, mwanamume aliyeishi naye miaka kumi na moja, alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

— Linasaga, alisema.

— Masikio ninayo.

— Nasema tu.

— Kila asubuhi unasema tu. Wewe unaendesha basi la shule tangu ujana, Jostein. Niambie nakosea wapi.

Jostein alitazama nje ya dirisha, kwenye kamba na maboya yaliyorundikwa ukutani.

— Hukosei, mpenzi. Gari limechoka, lina miaka arobaini. Kesho ni siku ya kumi na nne. Mwambie mzee Ansgar aje alichukue, yaishe.

Siku kumi na nne ndiyo yalikuwa makubaliano. Mzee Ansgar, fundi saa mstaafu aliyekaa mbali huko kusini, alimuuzia Solfrid gari lile dogo la spoti, la kijani, lenye viti viwili tu, akamwambia: "Mkishindwana, nipigie kabla wiki mbili hazijaisha. Nitakuja mwenyewe kulichukua." Solfrid alicheka siku ile. Gari kama hilo alilitamani tangu ana miaka kumi na tisa. Angeshindwana nalo vipi?

Sasa hakuwa anacheka. Miaka minane ya kugawa barua kwa gari la umeme lisilo na gia hata moja ilikuwa imeufanya mkono wake wa kulia uwe mgeni. Na kila gari lilipompigia kelele ile ya chuma juu ya chuma, alihisi kama linamwambia: mama, shika njia yako, mimi si wa kwako.

— Shuka, alisema.

— Nishuke?

— Nakwenda ng'ambo, Eidstranda, peke yangu. Nataka kusaga bila mtu wa kunihesabia.

— Si uchukue gari langu?

— Jostein, shuka.

Akashuka. Solfrid alimwona kwenye kioo, amesimama na mikono mifukoni, akiwa mdogo kuliko kawaida yake.

Mpaka gati la feri ilikuwa kilomita mbili. Gia ya pili ilikataa mara tatu.

Kwenye feri alipanga gari nyuma ya baiskeli za watalii, akavuta breki ya mkono, akaweka gia, akazima injini. Watu wa pwani ile hufanya hivyo bila kufikiri, kwa sababu feri huyumba na hakuna anayetaka gari lake liteleze. Mkono wake ulifanya ulichozoea kwa miaka ishirini kabla ya gari la umeme: kushoto, juu, ilipo gia ya kwanza kwenye magari mengine.

Feri ilipogusa upande wa pili, akawasha, akaachia klachi taratibu, kwa adabu kabisa.

Gari likarudi nyuma.

Kukasikika "pu" moja nzito. Nyuma yake kulikuwa na lori la samaki. Dereva wake alikuwa anatafuna svele, ile chapati nene tamu inayouzwa kwenye feri, na hakuacha kutafuna. Aliinua mkono tu, maana yake: bampa langu ni chuma, nenda salama.

Borghild, aliyekuwa akielekeza magari na ambaye alisoma darasa moja na Solfrid, akainama dirishani.

— Shoga, Eidstranda iko mbele.

— Niache, Borghild.

— Nakuacha. Ila na lori la watu uliache.

— Nimesema niache.

Borghild akamtazama vizuri, akapunguza sauti.

— Basi pole. Toka polepole, nitawazuia wengine. Gia ya kwanza iko wapi kwenye hili dude?

— Chini.

— Chini? Makubwa hayo. Haya, chini twende.

Solfrid alitoka. Akaegesha kando ya gati, akaweka paji la uso kwenye usukani, na alipolinyanyua alikuwa ameshaamua. Akapiga simu.

— Mzee Ansgar, ni Solfrid. Njoo uchukue gari lako.

— Oho. Kuna nini, mama?

— Umeniuzia gia boksi mbovu. Ya pili haiingii. Siku kumi na tatu nazunguka uwanjani nasaga chuma.

Upande wa pili saa kadhaa za ukutani zilisikika kwa mbali.

— Haiingii hata baada ya kilomita kumi?

— Kilomita kumi gani?

— Zile nilizokuandikia.

— Hukuniandikia kitu.

— Nilimwandikia bwana wako. Ulisema ukiwa kazini hushiki simu, ukaniachia namba yake. Siku ile ile gari lilipopakiwa kwenye lori kuja kwako. Akanijibu vizuri tu.

— Alikujibu nini?

— Ngoja, mama. Mimi si mtu wa kusema maneno ya mwenzangu kwa kubahatisha. Nakutumia kama yalivyo.

Simu ikalia. Solfrid akasoma.

"Ndugu Jostein, nimesahau kumwambia Solfrid jambo moja. Gari likiwa baridi, gia ya pili haikubali. Asilazimishe. Kilomita kumi za kwanza atoke ya kwanza aende ya tatu moja kwa moja. Mafuta ya gia yakipata joto, ya pili itaingia yenyewe kama kijiko kwenye uji. Mwambie tafadhali. Ansgar."

Na chini yake:

"Asante mzee. Nitamwambia leo leo."

Alisoma mara mbili. Hakulia, kulia alikwisha kulia juzi, bafuni, bomba likiwa wazi. Aliwasha gari, akatafuta ya kwanza, kushoto chini. Likachanganya. Akaipita ya pili, akaenda ya tatu. Gari lilisita kidogo, likajivuta, likaenda. Hakukuwa na kelele.

Aliendesha kando ya fyodi, akihesabu. Kilomita ya nane. Ya tisa. Ya kumi na moja, kwa hofu, akajaribu ya pili. Ikaingia.

— Ah wewe, akaliambia gari kwa sauti ya chini. Kumbe ulikuwa unaniambia.

Furaha ile ilikuja pamoja na hasira, na hakuweza kuitenga moja na nyingine. Alipokuwa kwenye feri ya kurudi jioni, ujumbe ukaingia.

Jostein: "Umefika? Gari vipi?"

Solfrid: "Gari zima. Mgonjwa yuko nyumbani."

Vile vialama vya mtu anayeandika vikatokea, vikapotea, vikatokea tena. Vikapotea kabisa.

Jostein alikuwa jikoni anamenya viazi. Alikuwa amemenya vya watu sita.

— Nilisahau, alisema kabla hajaulizwa.

Solfrid aliweka funguo mezani.

— Umesahau siku kumi na tatu? Kila asubuhi umekaa pembeni yangu ukisikia linavyosaga, ukasahau kila asubuhi?

Kisu kikasimama.

— Hapana, alisema Jostein. Sikusahau.

— Basi niambie.

— Nilidhani utachoka siku ya tatu. Hukuchoka. Siku ya tano nilitaka kusema, nikaona nikisema sasa itakuwa vibaya kuliko nikinyamaza. Siku ya nane ikawa vibaya zaidi.

— Sijauliza ulinyamazaje. Nauliza kwa nini.

Aliketi. Akaanza kukikata kiazi kimoja vipande, vidogo mno.

— Miaka kumi na moja, popote tunapokwenda, naendesha mimi. Wewe unamimina kahawa, unanisomea majina ya vijiji. Sisi ndivyo tulivyo. Siku ulipolileta lile gari ukaniambia ingia, nikakaa upande wako, wa abiria. Sikujua mikono niiweke wapi, Solfrid.

— Ungesema.

— Ningesemaje? Mwanamume mzima naionea wivu gia boksi?

— Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo, ningekucheka dakika mbili, yakaisha. Sasa angalia. Nimejiona mjinga wiki mbili. Nilikuuliza leo nakosea wapi, nimekuomba kabisa, ukaniambia gari limechoka.

— Najua.

— Hujui. Mimi nilidhani nimechoka mimi. Nilidhani nimezeeka, mkono umekufa, ndoto niliyoibeba miaka ishirini na nane ilikuwa ya mtu mwingine. Hilo ndilo ulilonifanyia. Gia ni kitu kidogo.

Jostein aliweka kisu chini. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakuyafuta.

— Nisamehe.

Solfrid alizigeuza funguo mezani. Hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Hata barua zisizo na jina la mtu alikuwa akizigeuza mara tatu kabla ya kuzirudisha. Mwishowe alisukuma simu kuvuka meza.

— Mpigie mzee Ansgar. Nimemwita muuza gari bovu, mtu wa watu. Mwambie wewe. Weka sauti kubwa nisikie.

— Sasa hivi?

— Viazi vinatosha.

Alipiga. Alisema yote, kwa sauti ya mtoto aliyevunja dirisha, hakuruka hata siku ya nane. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

— Haya, Jostein, alisema. Kwa hiyo kesho nije kulichukua gari, nisije?

Jostein akamtazama Solfrid.

— Usije, mzee, alisema Solfrid. Gari linabaki.

— Na bwana?

— Bwana bado ana siku zake kumi na nne.

Mzee akacheka, kikohozi kikamshika, akaaga.

Solfrid alichukua chupa ya chai kutoka kabatini, akaijaza kahawa, akampa Jostein pamoja na vikombe viwili.

— Injini bado ina moto. Twende mpaka kanisani na kurudi. Wewe unamimina.

Jua la jioni la Mei lilikuwa bado juu. Gia ya kwanza, chini. Ya pili ikaingia kama alivyoahidi mzee. Ya tatu. Karibu na kona ya kanisa akapunguza mwendo, akarudi kutoka ya tatu kwenda ya pili.

Krrrrr.

Jostein akakaza taya.

— Sema, alisema Solfrid.

— Ya kwenda juu umeipata. Ya kushuka, klachi umeikanyaga nusu. Na unaliharakisha gari. Likishuka gia linataka lipumue kidogo katikati.

— Kumbe unajua kufundisha.

— Najua.

Alijaribu tena kwenye mteremko. Ikasaga, safari hii kidogo. Mara ya tatu gari lilishtuka, likaruka kama mbuzi, na kikombe kikamwagikia Jostein gotini, chote.

Aliitazama kahawa ikimshuka mguuni mpaka kwenye soksi.

— Sikujua kwamba kumimina kahawa kwenye gari linalokwenda ni kazi, alisema.

— Miaka kumi na moja, alisema Solfrid.

Akageuza gari mbele ya lango la kanisa, akaikosa rivasi mara moja, akaipata.

— Kesho saa moja asubuhi, kabla ya kazi. Injini ikiwa baridi. Utahesabu kilomita kwa sauti. Zikifika kumi, tunarudia kushuka.

— Na kama itasaga?

— Utaniambia nakosea wapi. Futa goti.