Maji ya Firigogo

Nyumbani kwao Kianda, kule Kibera, Caren hakuamshwa na jogoo. Aliamshwa na mtungi. Maji yalipotoka mferejini alfajiri, aliyechelewa alirudi mikono mitupu. Kwa hiyo alizoea kudamka, kupanga foleni na kurudi na maji kabla mdogo wake Osewe hajaanza kulilia chai.

Miaka ya tisini ilikuwa inayoyoma wakati chama cha wanyamapori cha shule yao kilipopelekwa kwenye hifadhi ya ndege, jangwani kaskazini. Caren alisafiri na mazoea yake. Asubuhi ya kwanza, wenzake wakikoroma kwa uchovu wa safari, aliona kidimbwi kimoja tu karibu na mahema. Hofu ikamwingia. "Hawa wakiamka, maji yataisha," alijiambia.

Akaingia majini na mtungi. Akateka, akarudi, akateka tena, mpaka kila ndoo na sufuria ikajaa. Juu yake makundi ya ndege wa rangi ya mchanga yalizunguka yakilia, kisha yakaenda zao. Yeye hakuwajali. Alirudi kambini amejaa fahari.

Baada ya chai, Mzee Leparie, mlinzi wa hifadhi, aliwaficha wanafunzi nyuma ya ukuta wa mawe.

"Nyamazeni," alisema. "Ndege wetu, firigogo, watakuja kunywa."

Walingoja. Jua likawachoma visogo, miguu ikafa ganzi, na firigogo hawakuja. Alikuja kunguru mmoja, akawatazama, akaondoka.

"Zii!" Billy, mmoja wa wanafunzi, alifoka. "Tumetoka Kibera, safari yote hiyo, kuona kunguru? Si wamejaa kwetu?"

Hata Mwalimu Nyongesa, aliyewaleta, alikuwa amekasirika. "Mzee Leparie, ulituhakikishia kwamba watakuja."

"Mwalimu, mimi mwenyewe sielewi," mzee alijibu kwa unyonge. "Labda kuna kitu kiliwatisha mapema. Firigogo akiona mtu majini hatui. Na maji mengine yako mbali sana. Dume hulowesha manyoya ya tumbo, akawapelekea vifaranga maji. Bado hawajui kuruka. Wanamngoja tu."

Caren aligeuka kutazama kambini, kwenye ndoo alizojaza.

"Fungasheni," Mwalimu aliamuru. "Tunaondoka leo."

"Huyu mzee ni mwongo," Billy alinong'ona.

Caren alikasirika. Alimkasirikia Billy, akawakasirikia ndege, akajikasirikia mwenyewe. Si alitaka kuwasaidia wote? Mbona hakuna aliyemwonya? Angenyamaza, nani angejua? Lakini mzee alikuwa amesimama pale akibeba lawama isiyo yake, naye hakuweza kumtazama.

"Mwalimu, si yeye," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Nilikuwa majini asubuhi nikiteka. Niliwaona wakizunguka. Nilidhani maji yataisha."

"Aki Caren! Umetuharibia!" Billy alilalamika.

Mwalimu Nyongesa akamgeukia mlinzi. "Mzee wangu, nisamehe. Nilikuwa na haraka ya kulaumu. Tutalala hapa tena."

Kesho yake hakuna aliyekaribia kidimbwi. Jua lilipopanda kidogo, anga ikajaa sauti, na firigogo wakashuka kundi baada ya kundi. Dume mmoja aliingia majini, akajitikisa huku na huku mpaka manyoya ya tumbo yakalowa chepechepe.

"Anajaza mtungi wake," Caren alinong'ona.

Billy hakucheka. Alikuwa ameduwaa.

"Binti yangu," Mzee Leparie alisema, "kudamka si kosa, na kutojua si dhambi. Lakini ungenyamaza jana, mngeondoka mkiniita mwongo, na wageni wengine wangeingia majini kama wewe. Ukikosea, sema mapema, kosa lirekebishike. Na ukifika kwa wenyewe, uliza kwanza foleni ni ya nani."

Caren aliitikia kwa kichwa. Foleni aliijua vizuri. Alimfuata yule dume kwa macho mpaka akapotelea mbali, kule watoto wake walikokuwa wakimngoja tangu jana.