Dirisha la Nne

Nyumbani walikuwepo rafiki yangu seremala, mkewe, na mama mkwe wake. Shemeji yake alikuwa ametoka saa sita mchana kununua misumari, kwani kimbunga kilikuwa njiani na dirisha la nne lilikuwa bado halijazibwa kwa mbao.

Jioni upepo ulivuma, taa zikazimika. Ndipo wakasikia nyundo nje: mbili, kimya, moja. Shemeji peke yake ndiye aliyepigilia hivyo.

“Shemeji, ingia ndani, utapeperuka!” seremala alipaza sauti.

“Mwanangu huyo hata umwite kula haji mpaka amalize,” mama mkwe alisema.

Asubuhi dirisha lilikuwa limezibwa barabara. Kisha habari zikaja: shemeji alifia mlangoni mwa duka jana yake, saa saba mchana, pakiti ya misumari haijafunguliwa.