Sabuni Isiyochoma Mikono

Kila asubuhi Kaltuma alitoka kwenye kambi ya wakimbizi kutafuta kuni. Huko mashariki ya Chad miti ni haba, na wenyeji nao wanaitaka. Siku moja walimnyang'anya mzigo pamoja na shoka. Akarudi mikono mitupu.

"Sirudi tena porini," alimwambia mama mkwe wake, Ashta. "Najiunga na darasa la sabuni."

"Sabuni? Sisi Wamasalit ni wakulima!"

"Shamba liko wapi, mama? Tumeliacha Darfur."

Mwalimu Zenaba aliwafundisha kuchanganya mafuta ya karanga na kostiki, magadi makali yanayounguza. "Sabuni ikiganda, ingojeni ikauke kwanza," alionya. Lakini Kaltuma alikuwa na watoto wenye njaa. Aliikata upesi, akaipeleka sokoni, ikaisha yote.

Kesho yake akaja Khadmallah, mama muuza chai, amefura kwa hasira.

"Umeniuzia sabuni au moto?" Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imebabuka.

"Nisamehe, dada yangu," alisema Kaltuma, machozi yakimlengalenga.

"Si nilisema mimi?" Ashta akadakia.

Kaltuma alikwenda moja kwa moja kwa Zenaba.

"Sabuni yako ilikuwa mbichi," Zenaba alimweleza. "Kostiki hula ngozi. Ipime kwa mizani, usikadirie kwa kikombe. Vaa glavu. Mimina kostiki kwenye maji. Ukimimina maji kwenye kostiki, itakurukia machoni. Kisha sabuni ikae kivulini wiki nne."

"Wiki nne! Watoto wale nini?"

"Na wateja wakikukimbia, watakula nini? Pika kila wiki. Hii ikikauka, ile inaganda."

Kaltuma akakaza moyo. Alifyatua matofali ya watu ili watoto wapate asida, ugali wa kwao, na kila wiki alipika sabuni, akaipanga kivulini. Ashta alipotaka kuuza kipande kimoja tu, alimkatalia katakata.

Sabuni ilipoiva, alikwenda sokoni na beseni la maji. Mbele ya Khadmallah akajipaka povu mikononi, akanawa hadi usoni.

Khadmallah akatumbukiza kidole kimoja kwenye povu. Halafu mkono mzima. Akaunusa.

"Haiumi," alisema.

"Haiumi, dada."

"Basi niachie vipande viwili. Na kuanzia leo panga bidhaa zako hapa, kando ya birika langu. Wateja wangu wana mikono michafu hao!"