Duara Lililokatwa Mstari

Hapana, hakuna aliyewaroga. Lori lilipinduka kwa sababu dereva wake, tuliyemwita Breki maana hakuwa na habari nazo, aliingia korongo kavu mbio mbio. Mbele alikaa dada yangu, yule fundi cherehani, na mumewe, mwalimu wa hesabu. Walikuwa wanahamia kwenye shule mpya ya mume, marobota ya vitambaa yako nyuma. Mlango ukambana Mwalimu, mguu ukavunjika, mfupa ukachungulia nje. Mimi sikuwepo. Wamenisimulia wote watatu, na kila mmoja alishusha sauti akifika kwa yule mtu waliyemkuta kule nyikani.

Maji ya dumu yakaisha siku ya pili. Wakanywa ya rejeta, yenye kutu. Siku ya tatu homa ikampanda Mwalimu, jeraha likaanza kunuka. Dada akajua kabisa: bila maji, kesho anamzika mume.

Breki akaona mawe yenye rangi kwa mbali. Wakaenda yeye na Dada. Jiwe la kwanza lina duara jekundu, kando yake shimo refu, kavu. La pili hivyo hivyo. La tatu pia, ila humo mchanga umefukuliwa kwa mikono. La nne duara lake limekatwa mstari katikati. Shimo hakuna, lundo la mawe tu, na mtu kaliegemea. Amekauka kama ngozi iliyosahaulika juani. Kofia kichwani, mdomo wazi, kama mtu aliyekatizwa akiuliza kitu.

"Turudi!" Breki akasema. "Duara ni kisima, mstari ni sumu. Si unamwona mwenyewe?"

Wakarudi kwa Mwalimu, wakamweleza. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Alama haina maana yenyewe," akasema polepole. "Hata ile ya kujumlisha, watu walikubaliana tu. Msiulize inatisha vipi. Ulizeni imewekwa wapi, na wapi haikuwekwa. Na huyo marehemu mtoeni kwenye hesabu. Alikuja baadaye."

Dada akachora duara mchangani kwa kidole. Shule aliishia chini kama mimi, lakini chaki anaijua. Panapotakiwa tundu la kifungo huweka alama, akishalimaliza, huikata.

"Hao wachimbaji wa visima walipaka duara kila pa kuchimba," akasema. "Pakavu wakapaacha wazi. Palipotoka maji wakakata mstari, wakafunika."

"Na maiti?" Breki akauliza.

"Kucha zake hukuziona? Zimeisha zote. Ni yeye aliyefukua lile shimo la tatu. Kiu imemuua, si sumu."

Waliporudi kwenye jiwe la nne, Breki hakutaka kumgusa. Dada akamshika yule mtu mabegani. "Samahani kaka, nipishe." Mwepesi, alinambia, kama nguo iliyokwisha kukauka kwenye kamba. Wakaondoa mawe, wakakuta mfuniko wa chuma, wakaubandua kwa mtaimbo. Ubaridi ukawapiga usoni. Dada akachana robota zima, akasuka kamba, akafunga sufuria.

Ikapanda imejaa. Breki akamdaka mkono. "Tungempa mbuzi aonje kwanza!"

"Mbuzi yuko wapi? Hapa ni mimi au wewe."

Akanywa. Kisha akaketi kando ya yule mtu, bega kwa bega, akingoja kuona kama atafanana naye. Kivuli kikahama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Tumbo kimya.

"Lete dumu," akasema.

Wakamnywesha Mwalimu, wakamwosha jeraha. Siku ya tano lori jingine likaona kitambaa chekundu alichokitandaza Dada juu ya mawe. Yule mtu walikwishamzika palepale, hatua mbili kutoka kwenye maji. Hakuwa na karatasi wala jina.

Walipotoka hospitali, mama yetu akapika. Mwalimu kafika na magongo, Breki kaazimwa shati langu, linamvuka magoti tukamcheka. Dada akabaki mlangoni, anaangalia njia.

"Njoo ukae, mwanangu. Chakula kinapoa."

"Mama, na yule tuliyemzika kuna nyumba wanamngoja ale."

Breki akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya watu wawili. Dada akaiangalia nafasi ile, akaja, akaketi ukingoni mwake. Ndipo wote tukanyoosha mikono, tukala.