Bado Kona Moja Tu

Jioni ile nilikuwa naingiza vyungu ndani kabla ukungu haujashuka. Chungu kibichi kikipata unyevu hupasuka motoni, na nilikuwa na vinane vya kuchoma kesho yake. Mama mkwe alikuwa jikoni anamenya viazi, akilalamika kuwa kisu hakikati hata siagi.

Wageni huja huku juu kupanda hadi kwenye maporomoko, kula viazi na supu ya uyoga kwetu, na kufinyanga kikombe kilichopinda ili wakaringie kwao. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Mtu wa masihara yule. Wakichoka wakauliza kumebaki umbali gani, aliwajibu, "Bado kona moja tu." Saa nzima baadaye, bado kona moja tu. Walikuwa wakifika juu wanacheka, huku wanataka kumpiga.

Miezi minane kabla ya jioni hiyo alirudi ukunguni kumtafuta mgeni aliyeachwa nyuma. Mgeni akatokea peke yake, mzima. Mume wangu hakuonekana tena. Walimtafuta siku kumi na moja, hata kiatu hawakupata.

Sikuvaa nguo za msiba. Mama naye hakuvaa. Hatukuwahi kulizungumza. Kila jioni alipakua sahani tatu, na kila asubuhi mimi niliosha tatu.

Nilikuwa nimebeba chungu cha sita niliposikia hatua.

Binti mmoja alitoka ukunguni. Koti la mvua limemganda mwilini, meno yanagongana.

"Samahani, dada... hapa ndipo kwa mfinyanzi?"

"Ndipo. Wenzako wako wapi?"

"Tumepotezana kule juu. Kuna kaka kanileta. Kasema nije hapa nipate moto."

Nikamwingiza jikoni, nikamfunika blanketi. Mama akampa bakuli la supu. Alipoanza kupata nguvu, mama akamuuliza, "Na huyo kaka, mbona hakuingia?"

"Yuko nje. Kasema viatu vyake vina tope." Akatabasamu. "Mcheshi kweli. Kila nikimuuliza kama tumefika, ananiambia bado kona moja tu."

Kisu kikamdondoka mama.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mkono wa mama ulinidaka nikiwa nimeshagusa mlango.

"Uso wake," mama akamwambia binti, polepole. "Uso wake ukoje?"

"Sikuuona. Alikuwa mbele, mimi nafuata mgongo. Nilimwomba ageuke, akasema tukifika." Akasita. "Halafu... mvua ilikuwa inanyesha. Koti lake lilikuwa kavu."

Mama akasukuma komeo.

"Mama, ni yeye!"

"Si yeye." Alikuwa ananong'ona. "Bibi yangu alituambia, nikamcheka. Kuna kitu kule juu kinaazima sauti za watu. Kikirudisha mmoja, kinataka mmoja. Fikiria, mwanangu. Siku ile yule mgeni aliporudi, nani hakurudi?"

Kitu kikakwaruza kizingiti.

Taratibu... taratibu... kama mtu anayepangusa tope la viatu.

Harufu ikapenya chini ya mlango. Majani yaliyooza. Na ndani ya harufu hiyo, sabuni aliyokuwa akinyolea ndevu.

"Mke wangu."

Ilikuwa sauti yake. Ile ya asubuhi, kabla hajakohoa.

"Mke wangu... nimechoka. Nifungulie."

Mama akaniziba mdomo kwa kiganja. Nilikiuma. Hakukitoa. Machozi yake yalikuwa yakinidondokea shingoni, ya moto, wala hakutoa sauti. Binti alikuwa amejikunyata pembeni ya moto, blanketi limemfunika mpaka kichwani.



Kisha sauti ikawa ndogo.

"Mama... kuna baridi."

Kiganja kikalegea mdomoni mwangu.

"Ana miaka mitano hapo," mama alisema. "Hiyo ndiyo sauti yake ya homa."

"Mama, umesema mwenyewe si yeye!"

"Nimesema." Akachukua blanketi jingine juu ya kasha, akalikunja mkononi. Nilimng'ang'ania khanga. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniangalia kama anayenihesabu nyusi. "Wewe bado kijana," akasema. "Nikitoka, funga. Umenisikia? Funga."

Akavuta komeo.

"Abee, baba," akaitika. "Nakuja. Usilie."

Ukungu ukaingia mpaka magotini mwetu, khanga ikabaki mikononi mwangu.

Nikafunga. Mungu anisamehe, nilifunga.

Waongozaji walimkuta asubuhi chini ya maporomoko. Alikuwa ameketi, ameegemea jiwe, hana hata mchubuko. Nyayo zake zilikuwa safi, kama hakukanyaga njia ile yote ya tope. Mikono ameikunja kifuani kama aliyempakata mtoto. Lile blanketi hatukuliona.

Yule binti aliondoka na gari la kwanza. Nilimwonyesha picha ya mume wangu kabla hajapanda. Aliitazama sana. "Sijui, dada," akasema. "Kweli sijui."

Na mimi sijui kama mama alidanganywa au alijitoa. Wakati mwingine naona alijua kila kitu. Wakati mwingine namsikia tu mzazi aliyeitwa na mwanawe.

Sasa navaa nguo za msiba, za watu wawili. Kaka yangu amekuja mara mbili kunichukua nikakae kwake mjini. Namwambia nina oda za watu, nikimaliza nitakuja.

Juzi ukungu ulishuka mapema. Nikasikia watu wawili wakizungumza kule njiani. Maneno sikuyapata, lakini mmoja alikuwa mama mtu mzima, na alikuwa anacheka. Nilisimama mlangoni mpaka vidole vikafa ganzi, nikisikiliza kama wataniita.